Mtoto Aliyefukuliwa na Kompyuta

Katika pwani yetu kuna mtoto mmoja ambaye mifupa yake ilikuwa imeoza hata haikuweza kushikwa. Ukiigusa inakuwa unga. Alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita ndani ya Panga ya Saidi, huko Kilifi, na siku alipokuja kuonekana sawasawa hakuonekana chini ya jua la Kilifi. Alionekana ndani ya kompyuta, katika mji wa Burgos, nchini Hispania. Waliomwona walimpa jina la Kiswahili. Walimwita Mtoto.

Ninaiandika habari hii kwa kuwa nina nia ya kumtungia riwaya, na kila nikishika kalamu nakutana na mashine. Mimi si msomi wa akiolojia. Nimemaliza kidato cha nne, nina madaftari matatu ya hadithi zisizokwisha, na mambo mengi ninayoyajua nimeyasoma kwenye saiba kwa kulipia dakika. Lakini hebu, msomaji wangu, nivumilie. Wengi wetu tunaoandika tunapenda sana kusema "hapo zamani za kale", na hatujiulizi hizo zamani zinajulikanaje.

Kwanza jina la mahali. Panga hapa si la kufyekea. Katika lugha za Wamijikenda ndilo pango letu. Liko bara kidogo, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, kwenye vilima vya mawe ya chokaa, na miti imelifunika. Uchimbaji ulianza mwaka 2010, kazi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Wakachimba polepole, tabaka kwa tabaka, na mwaka 2013 wakakuta vipande vya mfupa kwenye ukuta wa shimo lao. Vilikuwa vidogo, havisemi kitu. Ilipofika mwaka 2017 ndipo walipolifunua lote lile walilokuwa wakilinyemelea: kishimo cha duara, mita tatu hivi chini ya sakafu ya pango la leo, na ndani yake mifupa iliyosongamana.

Sasa fikiria uko pale. Una mswaki mdogo na kijiko, jasho linakutoka, na kila ukipitisha mswaki kitu unachokitafuta kinapukutika. Ungefanyaje? Wao walifanya anavyofanya daktari mbele ya mguu uliovunjika. Walikigandisha kishimo chote, udongo na mifupa pamoja, wakakifunga kwa plasta, wakakikata kama bonge moja na kulitoa. Bonge likapelekwa makumbusho ya Nairobi. Huko hawakuweza kuendelea mbali, ila walipolifungua kidogo yalionekana meno mawili, na yalifanana na ya binadamu. Basi likasafirishwa hadi Burgos, kwenye Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Mageuko ya Binadamu, ambako María Martinón-Torres na wenzake walikuwa na mashine na mafundi wa kazi hiyo.

Mashine yenyewe ni ndugu wa ile ya hospitali, skani ya CT, ila hii ni ya kuona vitu vidogo zaidi sana. Kazi yake si ngumu kuieleza. Eksirei ya kawaida inakupa kivuli kimoja: kila kilichomo ndani kimelaliana juu ya kingine, huwezi kujua kipi kiko mbele na kipi nyuma. Sasa chukua vivuli mamia kwa mamia, kila kimoja kutoka pembe yake, kisha ipe kompyuta ifanye hesabu: ni kitu cha umbo gani kinachoweza kutupa vivuli vyote hivi? Jibu linakuja kama vipande vyembamba, kama mkate wa slesi. Ukivipanga tena unaupata mkate mzima, nawe unaweza kuukata popote upendapo bila kisu.

Hapa nina jambo la kujivunia kama Mwafrika, msinicheke. Mmoja wa waliofungua njia ya hesabu hiyo alianzia kazi Cape Town. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mwaka 1956 akisimamia mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, na ndipo alipoanza kujiuliza namna ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupima mionzi inayotoka upande wa pili. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Mwingereza Godfrey Hounsfield, mhandisi wa EMI, kampuni iliyokuwa ikiuza santuri za Beatles, aliifikia njia hiyo kivyake, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa huko London. Mwaka 1979 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mashine iliyotengenezewa wagonjwa ikaja kuwatazama marehemu, na marehemu wana wema wao: hawatikisiki, wala mionzi haiwadhuru tena.

Lakini msidhani kompyuta inabonyezwa tu na mtoto anatokea. Mfupa uliokaa ardhini miaka mingi namna hiyo unakaribiana uzito na udongo unaouzunguka. Kwenye kioo ni rangi ya kijivu juu ya kijivu. Mtu lazima akae, aipitie slesi baada ya slesi, aseme hapa ni mbavu, hapa ni kijiwe, hapa ni gome la konokono. Mtu huyo lazima awe ameshazijua mbavu za watoto kwa kuzishika. Nalisema hili kwa kuwa kijiweni kwetu kuna vijana wanaoamini kwamba siku hizi mashine ndiyo inayojua na binadamu anasubiri kuambiwa. Si kweli, angalau si katika kazi hii. Mashine ilitoa kijivu. Wenye macho ndio waliomtoa Mtoto.

Na walimtoaje! Meno yalionyesha umri wake: kati ya miaka miwili na nusu na mitatu. Baadhi ya meno yalikuwa bado hayajaota, yamejificha ndani ya taya, yakingoja zamu yake. Taya la chini lilikuwa limeshikana na fuvu mahali pake. Uti wa mgongo na mbavu vilikuwa vimefuatana, na kifua hakikubonyea, bado kina mviringo wake. Alikuwa amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, jinsi mtoto anavyolala usiku wa baridi.

Kutokana na hayo watafiti wakasoma mambo mengine, kama mpelelezi anavyosoma chumba. Kama kifua hakikuporomoka, basi mwili ulifunikwa kwa udongo mapema na ukaozea palepale. Udongo uliojaa kishimoni ulikuwa tofauti na ule wa pembeni, kwa hiyo shimo lilichimbwa kusudi. Mfupa wa mtulinga na mbavu za juu vilikuwa vimezungushwa na kubanwa kwa namna inayotokea mwili unapoviringishwa na kukazwa ndani ya kitu, tuseme sanda, iwe ya majani au ya ngozi. Na kichwa kilikuwa kimeinama na kugeuka kama kichwa kinavyogeuka pale kilichokuwa chini yake kinapooza na kutoweka. Yaani inaelekea aliwekewa mto.

Niliposoma neno hilo nilisimama. Mto. Watafiti wenyewe wanalitumia kwa tahadhari, wanasema dalili zinaelekea huko, na mimi ninawaheshimu kwa tahadhari hiyo kuliko ningewaheshimu wangelipigia tarumbeta. Lakini mtu aliyemlaza mtoto aliyekufa na akaona vibaya kichwa kikae juu ya udongo mtupu si mgeni kwangu. Tumeshamwona mtaani mwetu.

Habari hizi zilichapishwa katika jarida la Nature tarehe 5 Mei 2021. Ni maziko ya makusudi ya zamani kuliko yote yaliyothibitishwa Afrika hadi wakati huo. Huko Israel, katika mapango ya Qafzeh na Skhul, yako ya kale zaidi, na ni vizuri kulisema hilo, maana ushabiki wa "sisi wa kwanza" unaweza kumharibu mwanahistoria kama unavyomharibu mtunzi.

Kuna jambo jingine dogo lililonifurahisha. Waandishi wa Kiingereza walipata taabu wamwiteje, wa kiume au wa kike au kitu, kwani lugha yao inawalazimisha kuchagua kila wanapofika kwenye kiwakilishi. Sisi tuna "yeye" na tuna "a-", basi. Alilala. Alifunikwa. Kiswahili kilikuwa tayari kwa ajili yake. Kwenye upande wa mashine ndiko kilikojikwaa: kule Kenya walijaribu kumwita kompyuta "ngamizi", na mimi sikuweza kamwe kulitamka bila kusikia kuangamiza, kisha ikaja "tarakilishi", ambalo wapo wanaolipenda na ninawapisha. Nitasema kompyuta, kama wanavyosema watu wa saiba.

Sasa kwa nini wanaakiolojia wameishikilia sana mashine hii? Jibu lao la ndani, ukiwasoma kwa makini, linasikitisha: kuchimba ni kuharibu. Kitabu unaweza kukisoma mara mia. Tabaka la udongo unalisoma mara moja tu, kwa kuliondoa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea uliandika nini wakati unaondoa. Nenda Gede, ambako wengi wetu wa pwani tulipelekwa kwa safari ya shule tukarudi na habari za majini na za nyani walioiba mandazi. James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948, kwa utepe wa kupimia, penseli na kamera ya filamu. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani baadaye na akatoa vitabu viwili vinene mwaka 1974. Walikuwa hodari. Lakini jambo wasiloliona kuwa na maana hawakuliandika, na lililoondolewa bila kuandikwa limekwenda na sepetu. Leo katika Kilwa hiyohiyo, mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umezipima kuta za misikiti na majumba kwa mionzi ya leza, nukta kwa nukta, mpaka kompyuta ikabeba umbo la kila ufa. Mkondo wa bahari ukiangusha ukuta, tutajua ulikuwaje. Hatutakuwa nao, lakini tutajua.

Mfano unaoniuma zaidi ni Laetoli, kule kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifumbua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Zilipokwisha kupimwa zikafukiwa tena mwaka 1979 ili zisiliwe na mvua na mifugo. Mchanga uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Kumbe! Migunga ikaota, ikakua, mizizi ikashuka kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 ilibidi serikali ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani waifukue njia ile, waing'oe mizizi kwa subira ya sonara, waipige picha za vipimo na kuifukia upya. Kwa hiyo jambo mashuhuri kuliko yote katika historia ya kutembea liko chini ya udongo na mawe, na mtoto wa shule wa Arusha hawezi kulitazama. Anachoweza kutazama ni nakala.

Hapo ndipo kompyuta inapoacha kuwa daftari na kuwa mwalimu. Mwaka 2015 nyayo nyingine zilionekana si mbali na zile za mwanzo, wakati watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Fidelis Masao, walipokuwa wakikagua ardhi kwa ajili ya makumbusho yaliyokusudiwa kujengwa. Safari hii zilipigwa picha nyingi zinazoingiliana, na programu ikatafuta nukta zilezile katika kila picha, ikapiga hesabu kamera ilikuwa wapi na shimo lina kina gani, ikatoa unyayo wa pande tatu unaoweza kuuzungusha. Kamera ya kawaida inatosha kuanzia kazi hiyo. Kisha mwaka 2019 wengine wakarudi kwenye nyayo tano zilizopatikana tangu miaka ya 1970, ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa huenda ni za dubu. Wakazisafisha, wakazipima kwa skani, wakazilinganisha na za dubu, sokwe na watu, na mwaka 2021 wakatangaza: hawa nao walikuwa viumbe wa ukoo wetu, tena huenda wa namna tofauti na wenzao wa karibu. Ushahidi ulikaa pale zaidi ya miaka arobaini ukingoja kipimo.

Shule niliyosoma ilikuwa na chumba cha kompyuta. Kilikuwa na kufuli. Mwalimu wetu wa historia, mtu mwema, alituchorea fuvu ubaoni kwa chaki, na lilitoka kama dafu lililotobolewa mara mbili. Tukanakili madafu yetu, tukapita mtihani. Wakati huohuo Louise Leakey na wenzake walikuwa wameshaweka mafuvu ya Turkana katika hifadhi ya African Fossils mtandaoni, ili mtu yeyote aweze kuyageuza kwa kipanya, ayapakue, ayachapishe kwa printa ya pande tatu. Na mwaka 2015, Homo naledi alipotangazwa Afrika Kusini, nakala za mifupa yake ziliwekwa wazi siku zilezile, na walimu wa mbali wakaichapisha madarasani kabla wino wa magazeti haujakauka. Fuvu la plastiki si fuvu, najua. Lakini mwanafunzi akiingiza kidole chake kwenye tundu la jicho anauliza swali ambalo dafu la chaki halimpi.

Sasa nije kwenye kinachonikera, maana kipo. Bonge lilitoka Kilifi, likapita Nairobi, likaenda Burgos. Si kwamba liliibwa. Lilikwenda kwa makubaliano, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kina Emmanuel Ndiema, yamo katika kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Lakini zamani tulizoea kugombea vitu: kichwa kile kirudishwe, kigango kile kirudishwe. Siku hizi kitu chaweza kurudi kikiwa kwenye sanduku zuri, na ujuzi wa kukisoma ukabaki ulikobaki. Slesi zile elfu kadhaa za kijivu, nani anazo? Anayetaka kumwangalia Mtoto upya miaka ishirini ijayo, kwa programu itakayokuwa bora, atapiga hodi mlango gani? Na kuna Wamijikenda wa vijiji vya karibu, ambao pango lile kwao ni mahali pa ibada. Je, kuna mtu atakayewauliza kuhusu picha?

Tena picha za kompyuta nazo hufa, msidhani ni za milele. Waingereza wana kitabu cha sensa ya mashamba cha mwaka 1086, kiitwacho Domesday, kimeandikwa kwenye ngozi na bado kinasomeka. Mwaka 1986, kusherehekea miaka 900, BBC ikatoa Domesday mpya kwenye santuri za leza. Haikutimia miaka ishirini, mashine za kuzisomea zikawa adimu hata ikabidi wataalamu wapewe kazi maalumu ya kuziokoa. Ngozi ya mwaka 1086 ilikuwa inawatazama tu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kitu fulani "kimehifadhiwa" kwa kuwa kimo ndani ya kompyuta, ninauliza kompyuta ipi, na nani analipia umeme.

Na riwaya yangu? Mashine imenifanya mwoga kidogo, lakini kwa namna nzuri. Awali nilimvika Mtoto shanga ya kome, maana nilisoma kwamba Panga ya Saidi kumepatikana shanga ya zamani sana. Nikatazama tarehe: ile shanga ni ya miaka kati ya 67,000 na 63,000 iliyopita. Mtoto alikuwa amelala zaidi ya miaka elfu kumi kabla yake. Nikaivua. Nilitaka pia jangwa na njaa, kwa kuwa huzuni ya riwaya nyingi huanza na ukame. Tabaka za pango zinaonyesha msitu na nyika vikikaa pamoja, na watu wakirudi pale kizazi hata kizazi. Hapakuwa na jangwa. Hata aliyekufa alikufa penye miti na wanyama, na sababu ya kifo chake haimo kwenye mifupa. Hiyo wameniachia.

Nimeandika kurasa kumi na moja. Moto umewashwa, kishimo kimeshachimbwa, na kuna mwanamke anayetafuta kitu cha kuweka chini ya kichwa. Sijaamua kama ni mama yake au bibi. Ameokota majani, ameyatupa, ameona ni makavu.